Hisi Nyepesi katika Mji Mgumu

Arusha ni mji unaojivunia ugumu wake. Mwulize kijana wa Kaloleni au wa Ngarenaro akueleze sifa za kwao, naye hataanza na baridi ya Julai, wala na mijakaranda inayotandaza zambarau barabarani ifikapo Oktoba, wala na Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566, ambao hujidhihirisha alfajiri na kujisitiri mawinguni kabla ya adhuhuri. Ataanza na ushupavu wa watu wake. Atakutajia wanaapolo wanaoshuka katika mashimo ya Mererani kutafuta tanzanaiti, ambako mchana na usiku ni mamoja; atakutajia wasanii wa muziki wa kufokafoka walioufanya ugumu kuwa sifa ya mji mzima; na akiwa ni Mwarusha wa asili, atakukumbusha kwamba babu zake walitahiriwa kwa kisu pasipo ganzi, na kwamba kijana aliyetikisa hata kope aliwavisha wazazi wake fedheha isiyosahaulika upesi. Sina nia ya kuubeza ushupavu huo, kwa kuwa ndio uliowalisha watu wengi na kuwajengea nyumba. Ninalotaka kulieleza ni jambo jingine: kwamba katika mji huo huo, chini ya mlima huo huo, wamo watu wengi waliozaliwa na milango ya fahamu iliyo wazi kupita kadiri ya wenzao, na kwamba aghalabu watu hao wamelelewa wakiamini kuwa wana kasoro, ilhali hawana.

Mtu wa namna hiyo akipita stendi kubwa ya mabasi saa nne za asubuhi huwasikia wapiga debe wote kwa pamoja na kila mmoja peke yake, na honi za bodaboda, na kipaza sauti cha gari la matangazo, na muziki wa kibanda cha kuuzia simu, huku moshi wa dizeli ukimchanganyikia na harufu ya mafuta ya chipsi, hata afikapo aendako huwa amekwisha kuchoka na siku ndiyo kwanza inaanza. Akiingia chumbani hutambua kabla ya kuambiwa kwamba wawili aliowakuta wametoka kugombana. Neno la ukali alilotupiwa Jumatatu bado hulitafakari Alhamisi. Habari ya ajali ya basi aliyoisikia redioni humnyima usingizi ingawa hamjui hata mmoja wa marehemu. Na kwa upande wa pili, kwaya iliyoimba vizuri, au mwanga wa jioni juu ya mashamba ya kahawa ya Burka, huweza kumtoa machozi ya furaha asiyoweza kumweleza mtu. Utotoni aliitwa mlizi. Ujanani aliambiwa kwamba anadeka, kwamba ana roho nyepesi, kwamba ajikaze. Utu uzima ulipomfika akaambiwa anaringa, kwa kuwa huondoka harusini kabla dansi halijaanza. Maneno hayo ameyasikia kwa miaka mingi hata ameyasadiki, na huko kusadiki, kwa rai yangu, ndiko kunakomdhuru kuliko kelele zote za stendi.

Aliyeipatia hali hii mahali katika elimu ya nafsi ni bibi mmoja wa Marekani, Elaine Aron. Mwaka 1996 alitoa kitabu kwa ajili ya wasomaji wa kawaida, na mwaka uliofuata yeye na mumewe, Arthur Aron, wakachapisha uchunguzi wao katika jarida la wataalamu, pamoja na mizani ya maswali 27 ya kumpimia mtu. Maswali yenyewe ni ya maisha ya kila siku: je, husumbuliwa na mwanga mkali, harufu kali, nguo ya kukwaruza au ving'ora? Je, hutaabika ukipewa mengi ya kufanya kwa muda mfupi? Je, kazi uliyoizoea huiharibu pindi utazamwapo? Je, muziki na sanaa hukugusa sana? Kutokana na majibu ya watu wengi Aron alitoa dalili nne zinazofuatana: kwamba mtu huyo huyatafakari mambo kwa kina kabla ya kutenda, kwamba huzidiwa upesi pale ambapo ya kuona, ya kusikia na ya kunusa yamekuwa mengi kwa wakati mmoja, kwamba furaha na huzuni zake zina nguvu, na ya mwenziwe humwingia kana kwamba ni yake, na kwamba hutambua vitu vidogo visivyotambuliwa na wengine, kama sauti ya msemaji iliyobadilika kidogo au harufu ya mvua ambayo bado iko upande wa Ngaramtoni.

Hapo kwanza alikadiria kuwa watu hao ni 15 hadi 20 katika kila 100. Wataalamu waliokuja baadaye, akiwamo Michael Pluess, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, waliandika mwaka 2018 kwamba ni sahihi zaidi kuwagawa wanadamu mafungu matatu: watu wapatao 30 katika 100 walio wepesi wa hisi, wapatao 30 walio wazito, na waliobaki ni wa kadiri, nao wakayapa mafungu hayo majina ya maua, kuanzia okidi, ambayo hustawi sana ikitunzwa na hunyauka upesi ikipuuzwa, hadi ua la mwituni linaloota popote pasipo kumwomba mtu maji. Hata tukishika kadirio la chini kabisa, la watu 15, na tukikubali kwamba maumbile ya watu wa Arusha ni maumbile ya wanadamu wengine, basi katika jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia watu 617,631 wamo wepesi wa hisi zaidi ya 90,000, idadi inayotosha kuwa mji kamili. Nao hawakuipata hali hiyo kwa kudekezwa, kama wasemavyo majirani. Mapacha wa Uingereza karibu 3,000 walipochunguzwa, ilionekana kwamba karibu nusu ya tofauti baina ya mtu na mtu katika jambo hili hutokana na urithi wa nasaba, na iliyobaki ni athari ya malezi na masahibu ya maisha.

Kabla ya Aron, Carl Jung wa Uswisi alikuwa amekwisha kuandika, mnamo mwaka 1913, juu ya wepesi wa hisi anaozaliwa nao mtu na jinsi unavyoyatia rangi mambo yanayompata utotoni. Na huyo Jung hakuwa mgeni kabisa wa pande zetu: mwaka 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, na kutoka huko akaendelea hadi Mlima Elgon. Alipofika mbuga za Athi, kama alivyosimulia uzeeni, alijitenga na wenzake hata asiwaone tena, apate kuonja hali ya kuwa peke yake mbele ya makundi ya wanyama yaliyotembea kimya mpaka upeo wa macho. Mzungu akifanya hivyo huandikwa kuwa mwanafalsafa. Mwenzetu wa Sakina akifanya hivyo shangazi zake huulizana kama anaumwa au anadaiwa.

Basi nalisema waziwazi: hali hii si ugonjwa. Haimo katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, haina kidonge, wala haipungwi kama pepo. Wala si haya, wala si kuchukia watu, kwa kuwa Aron mwenyewe aliona kwamba wapatao 30 katika kila 100 ya wepesi wa hisi ni wachangamfu wapendao maongezi na wageni. Lakini mtu mwepesi wa hisi aweza kuugua kama mtu mwingine yeyote, tena akilelewa kwa ukatili yu karibu zaidi na sonona kuliko mwenziwe. Kwa hiyo asiyepata usingizi kwa majuma mfululizo, aliyepoteza hamu ya chakula na ya kazi, au anayejiwa na fikira za kujidhuru, asijiambie kwamba ndivyo alivyoumbwa, bali aende hospitali, na kwa watu wa Arusha hospitali ya mkoa ya Mount Meru iko katikati ya mji.

Ni haki pia kumwambia msomaji kwamba elimu hii bado changa. Aghalabu hutegemea majibu ya mtu juu ya nafsi yake, na mtu si shahidi mwadilifu wa nafsi yake siku zote. Tena wako wataalamu wanaoona kwamba sehemu ya mizani ya Aron hupima wasiwasi tu, jambo lililojulikana zamani. Mwaka 2014 ulitoka uchunguzi ulioonyesha kwamba wepesi wa hisi, wakitazama picha za watu wenye furaha au huzuni, sehemu za ubongo wao zinazohusika na kumhisi mwenzako hufanya kazi zaidi. Uchunguzi wa kupendeza, lakini waliopimwa walikuwa watu 18 tu. Mimi, ambaye ni mmoja wa hao wanaoziba masikio stendi, nisingependa kuijenga heshima yangu yote juu ya bongo za watu 18.

Lenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni hoja ya maumbile. Hali hii haikuonekana kwa wanadamu peke yao. Wanazuoni wa elimu ya viumbe wamekuta katika samaki, ndege na wanyama wa namna nyingi kwamba ndani ya jinsi moja ya kiumbe wamo wanaokwenda mbele bila kusita na wamo wanaosimama kwanza wakachunguza. Mwaka 2008 Max Wolf na wenzake wawili walieleza kwa hesabu kwa nini pande zote mbili zadumu. Fikiria kundi la nyati katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, chini ya mlima, lenye mabonde mawili ya malisho mbele yake. Nyati anayechunguza hutumia wakati na nguvu, na taabu hiyo humlipa pale tu ambapo bonde moja ni bora kuliko la pili na walioligundua ni wachache. Wote wakiwa wachunguzi, wote watalivamia bonde lile lile, majani yatakwisha, na aliyechunguza hatakuwa na faida kuliko aliyekwenda ovyo. Kwa hiyo wepesi wa hisi hautoweki duniani, kwa sababu una manufaa, wala hauwi tabia ya wote, kwa sababu manufaa yake ni ya wachache. Mwenye hali hii ajue kwamba yeye ni wa upande mdogo kwa hesabu ya maumbile yenyewe, na kwamba kuwa wa upande mdogo si hukumu.

Hukumu hutoka kwa watu, nayo hubadilika kama majira. Tangu mwaka 1990 mtaalamu Xinyin Chen na wenziwe walichunguza watoto wa shule huko Shanghai na huko Kanada, wakaona kwamba mtoto mpole, mwenye haya na hisi nyepesi, ambaye Kanada wenzake walimkwepa, huko China alipendwa, akaheshimiwa na walimu, hata akapewa uongozi wa darasa. Wakaendelea kuchunguza makundi mengine ya watoto wa Shanghai, la mwaka 1998 na la mwaka 2002, wakati uchumi wa China ulipokuwa ukigeuka na biashara ikidai watu wa kujitokeza na kujinadi. Na kufikia lile la mwisho mtoto mpole alikuwa amekwisha kuwa wa kukataliwa na wenzake huko huko Shanghai. Katika miaka 12 tabia ile ile, katika mji ule ule, ilitoka katika sifa ikaingia katika aibu. Mtoto hakubadilika, lililobadilika ni soko.

Nami nashuku kwamba jambo kama hilo limetupata sisi wa mlimani, na kwamba huo ugumu tunaojisifia ni nusu tu ya urithi wetu. Ni kweli kwamba moran alitakiwa asitikisike. Lakini P. H. Gulliver, aliyeishi miongoni mwa Waarusha katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu juu yao mwaka 1963, alieleza jamii isiyokuwa na hakimu wa kuamuru wala askari wa kulazimisha: ugomvi wa shamba, wa mifugo, wa mahari, ulimalizwa kwa kikao, watu wakiwa wameketi, maneno yakisemwa na kurudiwa, na walaigwanani, yaani wasemaji wa marika, wakilitafuta neno ambalo pande zote mbili zingeweza kulimeza. Nauliza: kazi hiyo yaweza kufanywa na mtu asiyejua kuusoma uso wa mwenziwe? Yaweza kufanywa na asiyetambua ni wakati gani mdai amechoka na yu tayari kupunguza, au ni neno gani litakalomrudisha mdaiwa nyuma? Kisu cha tohara kilimpima kijana kwa siku moja. Kikao cha wazee kilimpima mtu mzima kwa maisha yake yote, na katika kikao hicho hisi nyepesi zilikuwa mali. Siku hizi tumekishika kisu, na kikao tumekiachia watu wachache.

Sasa nije katika maisha yenyewe, ambako ndiko kwenye taabu, kwa kuwa vitabu vya huko Marekani humpa mwepesi wa hisi nasaha isiyomfaa sana mpangaji wa Unga Limited. Vitabu husema: jitenge, funga mlango wa chumba chako, kataa mialiko. Huyu wetu hana chumba chake. Ana chumba kimoja yeye na mkewe na watoto, katika nyumba yenye wapangaji wengi, ua mmoja, bomba moja na choo kimoja, na redio ya jirani hupita ukutani kana kwamba ukuta haupo. Na mialiko ya kwetu haikataliwi kwa urahisi. Asiyefika kwenye msiba hasemwi kwamba amechoka. Husemwa kwamba hana utu, na siku atakapofiwa yeye atawaona watu wakihesabu viti.

Lakini ndani ya desturi zetu hizo hizo mna milango ambayo mwenye busara aweza kuitumia bila kumvunjia mtu heshima. Msibani kazi ni nyingi, wala si lazima kila mtu akae chini ya turubai katikati ya vilio na vipaza sauti. Kuna kuteka maji, kuna kuosha vyombo, kuna kwenda Tengeru kununua ndizi, kuna kuandika majina ya waliotoa rambirambi. Mwepesi wa hisi akiishika mojawapo ya kazi hizo atakuwa ametimiza wajibu wake, tena kwa sifa, na moyo wake utapata mahali pa kupumzikia. Kisha, matanga yakishaanuliwa na jamaa wakishatawanyika kwenda Moshi, Dar es Salaam na kwingineko, hapo ndipo mfiwa hubaki peke yake na kiti kitupu, na hapo ndipo mtu wetu huyu, ambaye katika umati alionekana mzito wa kusema, huweza kwenda jioni, akaketi, akasikiliza saa mbili bila kutoa hadithi yake mwenyewe hata moja. Waulize waliofiwa ni nani wamkumbukao. Aghalabu si yule aliyelia kwa sauti siku ya maziko.

Harusi ni mtihani mwingine, kwa kuwa ukumbi wa siku hizi hauna kona isiyofikiwa na spika, na mshereheshaji hatosheki mpaka kila mgeni asimame na kupunga leso. Dawa yake ni ndogo: fika mapema, wasalimu wenyeji na maharusi kabla ya zogo, toa zawadi yako kwa mkono wako, na uage kwa uso mkunjufu pasipo kutunga uongo wa mtoto mgonjwa. Sokoni nenda siku isiyo ya gulio. Katika daladala tafuta kiti cha dirishani, na ukiweza kutembea kwa miguu, tembea. Na kwa kuwa chumba cha kujifungia hakuna, ujue mahali palipo na utulivu katika mji wako: ukingo wa Mto Themi asubuhi mapema, Ziwa Duluti huko Tengeru, lililolala ndani ya shimo la volkano na kuzungukwa na msitu, kanisa siku ya Jumanne, msikiti baina ya adhuhuri na alasiri. Robo saa ya mahali kama hapo kila siku ina faida kuliko juma zima la likizo mara moja kwa mwaka, na haidai nauli kubwa.

Katika jambo la kelele, hata hivyo, si haki kumtwika mnyonge mzigo wote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilizotolewa mwaka 2015, zimeweka viwango vya sauti kwa mchana na kwa usiku, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lina mamlaka ya kuzisimamia juu ya baa, na juu ya nyumba za ibada vilevile. Anayepeleka malalamiko kuhusu spika inayolia hadi saa nane za usiku hadeki. Adai haki iliyoandikwa, na nyuma yake wamo wagonjwa, wazee, watoto wachanga na wanafunzi wa mtihani wanaoteseka vilevile bila kusema.

Kazi nayo yataka kuchaguliwa kwa kujijua. Watu hudhani kwamba mwepesi wa hisi yafaa akimbie kila kazi inayogusa maumivu ya watu, nami naona sivyo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015, ilisikiliza kesi zake hapa Arusha, katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, na kila ushahidi wa Kinyarwanda ulipita katika vinywa vya wakalimani kabla ya kuwafikia majaji kwa Kifaransa na Kiingereza. Kwa ada ya kazi hiyo mkalimani husema kwa nafsi ya kwanza: shahidi akisema «niliona», naye husema «niliona», na mauti ya watu wa mwingine huyatamka kana kwamba ni ya watu wake. Haiwezekani kuifanya kazi hiyo vizuri kwa moyo wa jiwe, wala haiwezekani kuifanya mfululizo, ndiyo maana wakalimani hupokezana zamu baada ya muda mfupi na mmoja akanyamaza wakati mwenziwe asemapo. Zamu hizo hakuna aziitaye udhaifu. Ni kanuni ya kazi. Muuguzi, mwalimu, mchungaji na mshauri wa ndoa wenye hisi nyepesi wanastahili kanuni hiyo hiyo, na kama mwajiri hakuiweka, waiweke wenyewe katika siku yao.

Huku ndiko kujikubali ninakokusudia, nako si jambo la kujitazama kiooni na kujiambia maneno matamu. Ni kuijua kadiri yako, kama vile mtu wa shamba ajuavyo kina cha udongo wake, na kuyapanga maisha yako kwa kadiri hiyo pasipo kuona haya na pasipo kuomba radhi kila saa. Zipo hatari mbili kando ya njia hiyo. Ya kwanza ni kujihurumia, mtu akaifanya hali yake kuwa udhuru wa kutokulipa deni, kutokuamkia wakubwa na kutokusikia neno la kuonywa. Ya pili, ambayo naiona ikiwaingia vijana waliosoma, ni kujitukuza: kudhani kwamba kwa kuwa mimi nahisi zaidi basi mimi ni bora zaidi, na kwamba wanaapolo na wapiga debe ni watu wa hali ya chini wasiojua uzuri. Huo ni upuuzi. Mpiga debe anayesimama stendi tangu saa kumi na moja alfajiri ana ustahimilivu ambao mimi sinao, na kama tungekuwa sote wa namna yangu, mabasi ya Arusha yasingeondoka.

Wanaume wa mlimani wana shida yao zaidi. Mwanamke akilia, jamii humsamehe kwa kisingizio cha uanawake wake, ingawa kisingizio chenyewe ni cha dharau. Mwanamume akilia, hutazamwa kana kwamba amevunja agano la rika lake. Ilhali Aron asema kwamba wepesi wa hisi huzaliwa kwa wanaume na wanawake kwa kadiri moja. Basi wapo mafundi wa magari, madereva wa watalii, wabeba mizigo ya wapanda mlima na maaskari wa zamu ya usiku wenye hali hii, nao huificha kwa pombe, kwa ghadhabu, au kwa ukimya ambao wake zao huudhania kuwa ni chuki. Baba wa namna hiyo akiweza kumwambia mkewe maneno mepesi tu, kwamba nikirudi kazini uniache nusu saa kisha tuzungumze, ataondoa nyumbani mwake ugomvi mwingi ambao asili yake haikuwa mapenzi yaliyopungua bali masikio yaliyochoka.

Lakini mahali penye faida kubwa kuliko pote ni kwa watoto. Pluess na Ilona Boniwell walichapisha mwaka 2015 habari za wasichana wa umri wa miaka 11 katika shule ya mtaa wa kimaskini wa London, waliofundishwa masomo maalumu ya kuimarisha moyo dhidi ya huzuni. Baada ya mwaka mmoja, waliofaidika waziwazi walikuwa wale wepesi wa hisi. Wengine masomo hayo yaliwapita. Hii ndiyo sehemu ya elimu hii ambayo ningependa kila mzazi aishike: kwamba mtoto huyu huathirika zaidi kwa baya, na hufaidika zaidi kwa jema, na shilingi ya wema itumikayo kwake huzaa kuliko itumikayo kwa mwingine. Kwake yeye si lazima apigwe ndipo aumie. Kumwona mwenziwe akipigwa kwatosha kumfunga akili siku nzima, na hesabu zilizofundishwa asubuhi hiyo zimempotea.

Kanuni za serikali juu ya viboko shuleni huruhusu visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, kwa mamlaka ya mwalimu mkuu. Hazimruhusu kila mwalimu kutembea na fimbo darasani. Nawaomba walimu wa Arusha na wa Meru wazishike kanuni hizo, na wazazi wawaulize walimu juu yake bila ugomvi. Na kwa yule mtoto azibaye masikio kengele iliapo, aliaye kwa neno dogo, aketiye pembeni wakati wa mapumziko akiwatazama wenzake: mketisheni karibu na dirisha, mwonyeni faraghani, mpeni muda wa kujibu, na msimwite mlizi mbele ya darasa.